Kwa Baiskeli hadi Namugongo: Jinsi ya Kupata Nguvu Katika Historia ya Njia Unayopita

Kilomita chache kabla ya Mau Summit, mvua ya Mei ikinichapa usoni na malori yakinipita kwa karibu, nilishuka nikaanza kuisukuma baiskeli. Magoti yalikuwa yamechoka, ila kilichokuwa kimeniishia hasa ni moyo. Ilikuwa siku ya tatu tangu niondoke Nairobi, na Namugongo ilikuwa bado huko ng'ambo ya mpaka. Niliegemeza baiskeli kwenye ukingo wa barabara, nikatoa mfukoni kadi ndogo niliyoifunga kwa nailoni isilowe. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu wiki mbili kabla ya safari: "Hapa reli ilipanda hadi karibu mita 2,500. Walioijenga waliinua vyuma kwa mikono. Ilifika ziwani Desemba 20, 1901."

Niliisoma mara mbili. Sikupanda baiskeli palepale, nilisukuma kama nusu saa nyingine. Lakini nilisukuma nikijua kwamba mlima huu umewahi kupandwa na watu wenye mzigo mzito kuliko wangu, nao wakafika.

Tangu siku hiyo nimewaambia wengi wanaotaka kuhiji kwa baiskeli: andaa visa kama unavyoandaa tyubu za akiba. Visa vya ardhi ileile unayoikanyaga. Kisa cha shujaa wa mbali ni kizuri, lakini miguu haikisikii. Kisa kilichotokea kwenye mteremko huuhuu, chini ya mti kama ule pale, hicho miguu inakisikia. Na kati ya visa hivyo, vinavyotia nguvu zaidi si vya wakubwa waliopita wamebebwa. Ni vya waliobeba.

Mwongozo huu ni wa safari ya kutoka Nairobi hadi Namugongo, Uganda, kwa Siku ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa imani yao, inayoadhimishwa Juni 3. Ukianzia kwingine, hatua za kuandaa visa zinabaki zilezile.

Njia na tarehe

Njia ninayoipendekeza ni Nairobi, Mai Mahiu, Naivasha, Nakuru, Mau Summit, Kericho, Kisumu, Maseno, Mumias, Busia, Mayuge, Jinja, Mukono, Namugongo. Ni takriban kilomita 680. Wengi hupitia Eldoret na Malaba, nayo ni njia halali, lakini ina malori mengi mno, na utaikosa Mumias. Kwa hija yenye historia, Mumias haikosekani.

Tenga siku kumi na mbili, moja kati ya hizo ya kupumzika Kisumu. Ukiondoka Mei 20 utafika Mei 31, kabla umati haujajaa kabisa. Huo ni mwisho wa masika, kwa hiyo utanyeshewa. Panga kuanza kila siku alfajiri mara tu barabara inapoonekana, na uwe umefika unapolala ifikapo saa tisa mchana, kwa sababu upande wa ziwa mvua hupenda kuanguka alasiri. Usiendeshe usiku hata siku moja.

Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini ukiwa na pasipoti ichukue. Beba na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nenda kwa paroko au mchungaji wako mapema akuandikie barua fupi ya utambulisho: wewe ni nani, unatoka wapi, unakwenda wapi. Barua hiyo itakufungulia milango ya parokia nyingi utakazoomba kulala.

Kusanya visa

Anza miezi miwili kabla. Kata kadi kumi na mbili za ukubwa wa kiganja, moja kwa kila siku. Kila kadi ibebe kisa kimoja tu. Mimi nina masharti matatu, na kisa kisichoyatimiza nakiacha hata kama ni kitamu.

Kwanza, kiwe kimetokea mahali nitakapopita siku hiyo, ikiwezekana mahali ninapoweza kusimama nikaona. Pili, kiwe na mtu aliyechoka, aliyeogopa au aliyebeba kitu. Tatu, niujue mwisho wake, hata kama mwisho huo ni mbaya. Kisa kilichokatwa katikati ili kifurahishe hukuacha solemba siku utakapokutana na mwenyeji anayejua kilichofuata.

Pa kuvipata ni pengi. Jumba la makumbusho ya reli pale Nairobi litakupa habari za ujenzi. Ofisi za parokia na dayosisi zina vitabu vya kumbukumbu, na ukienda kwa adabu utaruhusiwa kuvisoma. Makumbusho ya Kisumu yapo njiani. Zaidi ya yote kuna wazee, nitawarudia. Kisa cha kusimuliwa kikague kwa kuwauliza watu wawili wasiokaa nyumba moja. Wakitofautiana, andika kwenye kadi: "wengine husema". Utakwenda na ukweli, na ukweli hauvunjiki barabarani.

Kadi isisomwe asubuhi. Asubuhi mtu ana nguvu zake. Chungulia ramani usiku uliotangulia, utambue pale patakapokuwa pagumu, na uape kutoifungua kadi kabla ya hapo.

Mwili na baiskeli

Fanya mazoezi kwa wiki nane. Usianze safari kabla hujaendesha kilomita 60 siku mbili mfululizo ukiwa na mzigo kamili, kwa sababu siku ya pili ndiyo itakayokuambia kiti kinafaa au hakifai. Tairi ziwe pana kidogo, nene, zisizo na nyufa. Beba tyubu mbili, pachi na gundi yake, vyuma vya kutolea tairi, pampu, spoku tatu, kiungo cha cheni, spana zinazoingia kwenye nati zako, na seti mbili za raba za breki. Raba moja itakwisha siku ya kwanza, na nitakueleza ni kwa nini.

Mzigo uukae kwenye karia ya nyuma, chini, pande mbili sawasawa. Usibebe begi mgongoni. Vaa helmeti na fulana ya kuakisi mwanga, hata mchana. Maji yasipungue lita moja kila saa mbili, na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji ziwepo daima. Chandarua ni lazima kuanzia Kisumu, na muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria kabla hujaondoka.

Siku kwa siku, na visa vyake

*Nairobi hadi Naivasha, karibu kilomita 90.* Pitia barabara ya chini, inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Mteremko ni mrefu na mkali. Hapa ndipo raba za breki huliwa. Usishikilie breki mfululizo: bana kwa nguvu, achia, bana, achia, nyuma na mbele kwa zamu. Ukisikia harufu ya mpira ulioungua, simama mpaka rimu ipoe yenyewe. Usiimwagie maji.

Jambo jema ni kwamba kuna mahali pa kusimama pasipo na kifani. Chini ya mteremko, kando kabisa ya lami, kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia, waliokuwa wakiichimba barabara hii hii. Ni dogo kiasi kwamba watu kumi na kitu hulijaza. Nililisimamia mlangoni nikiwa bado natetemeka mikono kwa kubana breki. Jiwe la ukuta lilikuwa baridi, na nje malori yalikuwa yakinguruma yakipanda gia kwa gia. Watu hawa walikuwa mateka, mbali na kwao, hawajui vita vitakwisha lini. Jioni baada ya kuchimba barabara ya mtu mwingine walipata wapi nguvu za kuchonga jiwe kwa ajili ya sala? Mimi nilikuwa huru, nimekuja kwa hiari yangu, na tayari nilikuwa nimeanza kulalamika kuhusu kiti.

Kumbuka pia kwamba ukingo huu uliwashinda hata wajenzi wa reli kwa muda. Kabla njia ya kudumu haijakamilika, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwenye mteremko uliosimama. Kuogopa hapa si udhaifu.

*Naivasha hadi Nakuru, kilomita 70.* Siku nyepesi. Karibu na Gilgil kuna Kariandusi, palipochimbuliwa na Louis Leakey, penye shoka za mawe zilizotengenezwa na watu wa kale sana, laki nyingi za miaka iliyopita. Simama nusu saa tu. Kadi yangu ya siku hiyo ilikuwa na mstari mmoja: "Watu wamekuwa wakipita bondeni humu tangu zamani za zamani."

*Nakuru hadi Mau Summit, kisha Kericho.* Gawa siku mbili, kilomita 55 hivi na 50 hivi. Unatoka kama mita 1,850 na kupanda hadi karibu 2,500. Kuna baridi, beba koti. Hiki ndicho kipande nilichoanza nacho simulizi hii. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kumalizikia Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, kwa magonjwa na ajali. Waafrika nao walifanya kazi kwenye reli hiyo, na majina yao ni machache yaliyoandikwa.

Hapa nataka kusema jambo zito. Reli hiyo iliwatesa wengine pia. Wanandi waliipinga kwa miaka, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 19, 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Kericho nako, ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu mwaka 1934 ukapelekwa Gwassi, kando ya ziwa, na machungu yake hayajaisha hadi leo. Usivipite visa hivi ukatafuta vitamu tu. Mhujaji anapita katika nyumba za watu, na nyumba zina misiba. Mimi huwa naweka kadi ya Kericho tupu upande mmoja, na ninapofika naombea waliohamishwa. Nguvu inayotokana na hapo ni ya aina nyingine, tulivu, haikusukumi kwenda mbio.

Ukiwa Kericho, ingia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililotabarukiwa mwaka 2015. Paa lake linapanda kadiri unavyokaribia altare, na kwa mtu aliyetoka kupanda Mau, umbo hilo linaeleweka kwa mwili.

*Kericho hadi Kisumu, kilomita 80.* Karibu yote ni mteremko, kupitia Awasi na Ahero. Joto linaongezeka kila baada ya dakika kumi. Kunywa kabla ya kuhisi kiu. Kisumu pumzika siku nzima, fua nguo, mpelekee fundi baiskeli akaze spoku, kisha tembea hadi ilipoishia reli.

*Kisumu hadi Mumias, karibu kilomita 75, kupitia Maseno, Luanda na Butere.* Maseno utavuka ikweta. Shule ya pale ilianzishwa na wamisionari mwaka 1906, na Jaramogi Oginga Odinga alisoma na kufundisha hapo. Milima ni midogo lakini haiishi.

Mumias ndiko kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na nitakieleza kwa kirefu.

Julai 1885 askofu wa Kianglikana James Hannington aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi, akielekea ufalme wa Buganda. Badala ya njia ya zamani ya kusini ya ziwa, alipita bara, Ukikuyu na Bonde la Ufa, karibu na huko unakotoka wewe. Alifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, mahali wasafiri walipopaita Kwa Sundu, kwa jina la babake Mumia. Hapo aliuacha sehemu kubwa ya msafara chini ya William Jones, akaendelea na watu kama hamsini. Hakujua kwamba Buganda walihofia mgeni anayeingia kutoka mashariki. Alikamatwa Busoga, akafungwa siku nane, na Oktoba 29, 1885 akauawa kwa mikuki pamoja na karibu wapagazi wake wote. Ni wanne tu waliotoroka.

Wengi huishia kwa askofu. Mimi kadi yangu ni ya William Jones. Alikuwa Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa, akapewa ushemasi mwaka uleule. Alibaki Mumias akingoja. Habari zilipofika, alikuwa na mamia ya watu wa kuwarudisha nyumbani, njia ndefu, bila kiongozi mkuu, na huzuni juu. Alishona bendera ya maombolezo yenye neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka, akawaongoza hadi Rabai. Walifika Februari 1886.

Fikiria: hakufika alikokuwa akienda. Kazi aliyopewa ilikuwa kugeuka na kuwafikisha watu nyumbani wakiwa hai. Nilikisoma kisa hiki nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi wa baiskeli pale Mumias, anazibua cheni yangu iliyokuwa imejaa tope la Butere. Aliniuliza nasoma nini. Nilipomsimulia, alinyamaza, akaendelea kupaka mafuta kiungo kwa kiungo, kisha akasema, "Huyo alikuwa na kazi ngumu kuliko yule aliyeuawa." Sijasikia mahubiri mafupi na mazito kama hayo.

Nabongo Mumia mwenyewe aliishi hadi 1949. Kaburi la wafalme wa Wanga liko Matungu, si mbali, na ukiomba ruhusa utaonyeshwa.

*Mumias hadi Busia, kilomita 55 hivi.* Siku ya kumpa heshima mwendesha baiskeli mwenzako. Busia ndiko neno bodaboda lilikozaliwa. Miaka ya 1960 vijana wa hapa walibeba abiria na mizigo kwenye karia za baiskeli kutoka boda hadi boda, kilomita baada ya kilomita, kwenye zile baiskeli nzito nyeusi zisizo na gia. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina. Ukichoka hapa, kumbuka kuna mtu alipita barabara hiyo akiwa na gunia la mahindi nyuma na hana gia hata moja, akarudi, akapita tena, ili alipe karo.

Forodhani, shuka, sukuma baiskeli, fuata foleni ya waenda kwa miguu. Usipige picha.

*Busia hadi Mayuge, karibu kilomita 85.* Usifuate barabara kuu ya malori. Shika ya kusini, ile ya Lumino na Namayingo, inayokwenda Musita kupitia Mayuge. Ni ya lami na ina utulivu. Karibu na Mayuge kuna Kyando, anapokumbukwa Hannington na wenzake. Shajara yake ilipona, na siku yake ya mwisho aliandika kwamba hana habari yoyote, ila Zaburi ya 30 imemshikilia kwa nguvu kubwa. Isome pale, taratibu. Halafu usome kisa cha pili: miaka kadhaa baadaye mwana wa Hannington alikuja Busoga kuhubiri, na akambatiza mwana wa Luba, chifu ambaye Hannington aliuawa katika eneo lake. Wenyeji wa huko hawaoni haya kukisimulia.

Nchi hii ya kando ya ziwa ilipigwa vibaya na ugonjwa wa malale mwanzoni mwa karne ya 20. Watu zaidi ya 200,000 walikufa, na vijiji vikahamwa. Leo utapita asubuhi ukute watoto wamejaa barabarani wakienda shule, wakikukimbilia pembeni ya gurudumu kwa kelele. Punguza mwendo. Hao ndio mwisho wa kisa hicho.

*Mayuge hadi Jinja*, kilomita 40, ni siku fupi. Lala mapema. Kwenye daraja la Nile uliza ni lipi baiskeli inaruhusiwa kupita, na kamera ibaki mfukoni karibu na bwawa. *Jinja hadi Mukono*, kilomita 60, unapita msitu wa Mabira. Barabara ni nyembamba na mabasi yana haraka. Ukisikia basi nyuma na lori mbele kwa pamoja, toka nje ya lami usubiri. Hakuna kisa kinachostahili kukuua.

Kuwauliza wazee

Visa bora utavipata njiani, ukijua kuomba. Usisimame na miwani ya jua na helmeti kichwani ukauliza swali ukiwa bado juu ya baiskeli. Shuka, vua, salimia. Magharibi mwa Kenya kwa Waluhya anza na "Mulembe". Kericho, "Chamgei". Kwa Waganda mwanamume ni *ssebo*, mwanamke ni *nnyabo*, na salamu ya mtu aliyekukuta ukihangaika ni *gyebale ko*, ambayo ndani yake ina shukrani kwa kazi unayoifanya. Mara ya kwanza mama mmoja alipoiniambia pale Lugazi nikiwa nasukuma, nilidhani ananiomba kitu. Nilipoelezwa maana yake nilikaribia kulia. Unashukuriwa na mtu asiyekujua kwa jasho lako mwenyewe.

Usiulize, "Historia ya hapa ni gani?" Swali hilo ni pana mno, mzee atakujibu kwa heshima na utaondoka mikono mitupu. Uliza kitu kimoja kinachoonekana: "Mzee, huu mti uliukuta?" "Mama, watu walikuwa wakienda kwa miguu mpaka wapi kabla ya barabara hii?" Kisha nyamaza. Ukipewa maji, kunywa. Ukipewa kisa, andika hapohapo, na umsomee ulichoandika akusahihishe.

Siku moyo unapokataa

Itakuja. Kwa wengi huja siku ya tatu au ya nne, na tena siku ya tisa. Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua. Simama kivulini. Kunywa maji yenye chumvi na sukari. Kula. Kagua mwili: je, kuna homa, kizunguzungu, goti lililovimba, mkojo mweusi, kuacha kutoka jasho kwenye joto? Kimojawapo kikiwepo, safari ya siku hiyo imekwisha, tafuta zahanati. Kadi si dawa, na ni hatari kuitumia kuuziba mdomo mwili unaolia.

Kama mwili ni mzima na ni moyo tu, ndipo ufungue kadi. Isome kwa sauti. Tazama pale ulipo, utafute kitu kimoja ambacho mtu wa kwenye kadi naye alikiona: kilima, ziwa, mto. Halafu jiwekee umbali mdogo, hadi kwenye mti ule, hadi kwenye kituo kile.

Na ukiona kweli ni lazima urudi, rudi. Panda basi na baiskeli yako. William Jones alirudi, na watu wake wakapona.

Kufika

Kutoka Mukono hadi Namugongo ni chini ya kilomita 20, lakini siku hizo barabara hufurika watu. Wapo waliotembea wiki mbili na zaidi. Shuka kwenye baiskeli mapema, usukume katikati yao. Hapo si mahali pa kengele. Tafuta parokia au jamaa wa kukuhifadhia baiskeli kabla ya Juni 2, kwa sababu ndani ya viwanja haiingii.

Kadi ya hapa iwe sahihi. Mashahidi wanaokumbukwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda. Wengi walichomwa Namugongo Juni 3, 1886, siku iliyokuwa ya Kupaa Bwana, wakiwa wamefungwa kwenye mikeka ya matete. Karoli Lwanga, kiongozi wa watumishi vijana wa ikulu, alichomwa peke yake, pale ilipo altare ya basilika. Kizito, mmoja wao, alikuwa na miaka kama 14. Papa Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu Oktoba 18, 1964. Tembelea sehemu zote mbili, basilika ya Wakatoliki na eneo la Waanglikana, maana walikufa pamoja.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Munyonyo, walikohukumiwa, kisha utembee kwa miguu njia waliyopelekwa. Acha baiskeli. Utaipima njia kwa nyayo, na utajua kwa nini Lwanga alihitaji kuwatia moyo wadogo zake kila hatua.

Kadi ya kurudi

Wengi husahau kuandika kadi ya kurudi nyumbani, na kurudi ndiko huchosha zaidi. Yangu ni ya vijana watatu, Denis Kamyuka, Simeoni Ssebuta na Karoli Werabe. Walipelekwa Namugongo wafungwe kwenye mikeka kama wenzao, na dakika za mwisho wakaachwa hai. Ushuhuda wa Kamyuka ni mmojawapo wa zile zilizotufikisha tujue nani alisema nini siku ile.

Basi la kwenda Nairobi panda Kampala usiku wa Juni 4, kwa kuwa la Juni 3 litakuwa limejaa. Fungua gurudumu la mbele, geuza usukani, toa pedali, punguza upepo, funga cheni kwa gazeti isichafue mizigo ya watu. Kadi ya Kamyuka iweke kwenye mfuko wa shati. Mtu wa kiti cha pili atakuuliza umetoka wapi na hiyo baiskeli.